Maji ya Uvuguvugu

"Sema tu alikuwa mmisionari," mwenyekiti wa chama cha Wakenya alimnong'oneza Cherotich, huku akifunga dirisha. "Myahudi ni neno ambalo hata majirani zetu Waarabu wanalielewa, dadangu. Liache hukohuko Nakuru."

Sebule ile ya Muaither, mtaa wa nchi ya Kiarabu walikofanya kazi, ilijaa wauguzi na walinzi Wakenya, waliokuja kumwombea marehemu bibi mmoja ambaye wengi wao hawakumjua. Alikimbilia Kenya kutoka Ulaya akiwa msichana, akazeekea Nakuru akiosha maiti waliokosa wa kuwagusa.

Cherotich alikuwa mtoto ukimwi ulipomchukua mama yake. Shangazi zake waliishia mlangoni. Bibi peke yake ndiye aliyeingia, akakunja mikono ya blauzi, akatumbukiza kiwiko kwenye beseni kupima maji, kisha akaagiza yaongezwe ya moto.

"Kwani mama bado anasikia baridi?" Cherotich alimuuliza.

"Hasikii. Lakini ni mama yako."

Sasa Cherotich alisimama. Hakwenda mbele ya watu. Alikwenda dirishani, akalifungua lote, na upepo wa Januari ukaingia pamoja na kelele za watoto wa jirani.

"Aliyemwosha mama yangu," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani, "alikuwa Myahudi."