Bodi ya Mume Wangu

Muuzaji alipotoka stoo alimkuta bibi mmoja amelala kifudifudi sakafuni, jicho moja amelifumba, viatu kavipanga kando yake.

"Masikini, bibi! Umeanguka?"

"Mtu akianguka huvua viatu kwanza?" Bibi hata hakugeuka. Alikuwa anachungulia ukingo wa bawa lililolazwa kwenye rafu ya chini. "Hili limepinda. Nani aliliegemeza ukutani?"

Aliyeliegemeza alikuwa muuzaji mwenyewe, lakini hilo alilimeza. Akamshika mkono, akamwinua, akampa kiti.

Duka lenyewe lilikuwa la bodi za umeme za kuchezea baharini, zile za kupaa. Chini ya bodi kuna nguzo inayozama majini, kwenye nguzo kuna mota ya kuzungusha propela, na mwisho wa nguzo kuna bawa, na kibawa kidogo nyuma yake. Mota ikishika kasi, bawa linainua bodi nzima juu ya maji, na aliyesimama juu yake anapita hewani kama mtu aliyesahau kuanguka.

"Namtafutia mume wangu," bibi akasema. "Ya mawimbini. Sitaki zile za kuzungukazunguka kwenye maji yaliyolala."

Muuzaji akacheka moyoni. Bibi yake naye alimwita "mume wangu" mpaka siku alipooa kweli, na siku hiyo bibi alinuna kuliko mashemeji wote. Wajukuu wa kiume ndivyo wanavyoozwa, bila mahari na bila kuulizwa.

"Mume ana kilo ngapi?"

"Hamsini na sita, akiwa ameshiba."

"Mwepesi. Shule yuko darasa la ngapi?"

"Shule alishamaliza. Sasa yuko nyumbani tu, ananifuata jikoni kufunua masufuria."

"Umri huo ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo," bibi akakubali.

Muuzaji akavuta bodi ndefu, pana. "Basi mchukulie hii. Imetulia, bibi. Hata ukiweka chai juu yake haimwagiki."

"Meza ninayo." Bibi akavuta kiti karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kila Jumamosi wanashindana ufukweni, nani atabebwa na wimbi mbali zaidi. Mume wangu kashindwa mara tatu, na mtu yule yule. Ya kwanza alicheka. Ya pili alinuna. Ya tatu hakula. Sasa ameapa, akishindwa na kesho hakanyagi maji tena. Atakaa sebuleni mchana kutwa, miguu juu ya meza, mpaka Mungu atukumbuke. Nami nitakaa wapi?"

"Wakishavunjika moyo ni kazi kuwarudisha," muuzaji akasema kwa huruma. "Wazazi wake wanasemaje?"

"Wazazi wake? Hao hawana la kusema tena."

Muuzaji akatikisa kichwa. Wazazi wa siku hizi! Kila kitu wamewaachia bibi.

"Na huyo anayemshinda, anatumia nini?"

Bibi akahesabu kwa vidole. "Bodi fupi. Nguzo ndefu, ili bawa lisichomoke majini wimbi likijikunja. Bawa jembamba. Betri ndogo. Na akishalidaka wimbi anazima mota, anayaachia maji yafanye kazi."

"Bibi! Umemchunguza kama polisi."

"Namwona kila siku. Ana maringo huyo! Akishinda anapita ufukwe mzima anapunga mkono kama kachaguliwa ubunge."

Muuzaji akapandwa na mori. Akaiacha bodi pana, akaingia stoo, akatoka amekumbatia vifaa kifuani.

"Dawa yake hii hapa. Mwenye maringo akizima mota, propela yake inabaki imetanuka, inaburuta maji. Hii ikizimwa inajikunja kama mwavuli. Bodi, fupi kama ya kwake. Nguzo, ndefu. Na bawa, kwa kuwa mume wako ni mwepesi, tunampa dogo kuliko la huyo. Litakata maji kama wembe. Ila linataka mwendo. Akizubaa, linamtupa."

Bibi akalichukua lile bawa, akaligeuza, akalirudisha, akalichukua tena.

"Goti lake la kushoto si zima," akasema, na safari hii utani haukuwamo. "Nataka ashinde. Lakini nataka arudi nyumbani akitembea."

Muuzaji akakuna kichwa. Kisha akaenda kwenye droo, akaleta bawa lingine dogo, la kufungwa nyuma. "Basi la nyuma tuongeze upana kidogo. Hili halimpunguzii mwendo sana, lakini linamshika asiyumbe. La mbele limkimbize, la nyuma limlee."

Bibi akafumba tena jicho moja, akayapima mabawa yote mawili kwenye mwanga wa dirisha. Uso ukamkunjuka.

"Yafunge."

Muuzaji akafunga, anakaza skrubu huku anapiga mluzi. "Mwambie mume wako alale usingizi, bibi. Kesho huyo mwenye maringo atakula chumvi."

Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Chumvi ameshaila nyingi, mwanangu."

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee mwembamba, kichwa cheupe tupu, anachechemea mguu wa kushoto. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile bodi, akaipapasa toka mbele mpaka nyuma, kisha akamvuta muuzaji pembeni kwa mkono wa shati.

"Kijana, niambie ukweli," akanong'ona. "Kwa hii, kesho nitamshinda mke wangu?"