Rimu za Bakili Hazishiki Vumbi

Devendra alipiga magoti kwenye lami ya Mtaa wa Msimbazi, mbele ya kadamnasi, akapitisha leso nyeupe ndani ya rimu ya gari la watu. Akaitazama leso. Nyeupe. Akaigeuza, akasugua tena mpaka nyuma ya nati, mahali ambapo vidole havifiki bila kuchubuka. Nyeupe pe!

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema Bakili, mwenye gari. "Mwezi mzima huu, mzee. Sijaosha."

Sasa vumbi la breki, kwa asiyelijua, ni ule unga mweusi unaoganda kwenye rimu, na foleni za Kariakoo zinauzalisha kwa magunia. Enzi zile za ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa, kila aliyebahatika kupata gari la mtumba kutoka Japani alilivalisha rimu za kung'aa, na baada ya siku tatu rimu zimekuwa kama sufuria za shughuli. Watu walisugua kwa dizeli, kwa majivu, kwa ndimu, na kwa matusi. Bakili yeye alikuja na dawa yake kwenye vikopo vya maziwa ya unga: unapaka mara moja, unasahau.

Na Devendra aliihitaji dawa hiyo kuliko Bakili alivyohitaji kuiuza. Duka lake la vipuri lilikuwa linakata roho. Zamani, bidhaa zilipokuwa za kuvizia, watu walimpangia foleni kwa ajili ya balbu moja. Siku hizi kila fremu ya duka ina balbu, na jirani anaziuza kwa bei ya kutupa. Fremu yenyewe ilikuwa ya Harsh, mdogo wa mkewe, na Harsh alishatamka mezani, watoto wakisikia: "Shemeji, niletee kitu kimoja ambacho Kariakoo nzima haina. La sivyo nirudishie funguo, uje ukae kaunta kwangu nikufundishe kazi."

Lahaula! Afundishwe kazi na kijana ambaye siku ya harusi ya dada yake alikuwa bado anafutwa kamasi! Usingizi ulimkimbia Devendra tangu siku hiyo.

Lakini hakukurupuka. Mtu wa Kariakoo hauziwi mbuzi kwenye gunia. Kwanza aliipaka dawa kwenye gari lake mwenyewe. Siku ya tatu rimu zilikuwa nyeusi tii.

"Tatizo mzee unakanyaga sana breki," Bakili alimwambia kwa upole. "Dawa hii inataka dereva mtulivu."

Na kweli Bakili alikuwa mtulivu. Aliingia mtaani kwa gia namba moja, injini akiizima tangu kule kona, akiwapisha wabeba mizigo, wauza maji, hata kuku. Devendra alimsifu mpaka kwa majirani. Vijana wangapi wa Bongo wana adabu ile?

Halafu akamshuku kwamba anaziosha kwa siri. Akamweka Celina, mama ntilie wa pale nje ya duka, amchunge wiki nzima.

"Bosi, haki ya Mungu, hagusi hata kitambaa," Celina alitoa ripoti. "Anafika, anashuka, basi. Ila mwambie gari lake asiliegemeze kwenye magunia yangu. Kila akija, puu! Mkaa wote umeshakuwa chenga."

"Hagusi kabisa?"

"Si nimeshakwambia? Mimi nazungumzia mkaa wangu..."

Devendra alikuwa ameshaingia dukani kumpigia simu Harsh.

"Baba Megha," Kusum, mkewe, alimwonya usiku, "kizuri chajiuza. Huyu mbona anajitembeza?"

"Mama Megha, biashara matangazo," alijibu, akajifunika shuka.

Jumapili asubuhi Harsh alikuja na shati lake la hariri. Bakili alikuwa ameshafika, gari ameliweka mbele ya duka. Harsh akainama, akapitisha kidole kwenye rimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akakitazama kidole. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya ushemeji, alimpa Devendra mkono.

"Fremu kaa nayo," alitamka. "Kaa nayo hata miaka kumi. Haya, twende Magomeni kwa Ubeid, ana magari sita yule, akaone kwa macho yake. Endesha wewe, shemeji. Wakala mkuu ni wewe."

Machozi yalimlengalenga Devendra. Akapokea ufunguo. "Panda nyuma, Bakili, twende wote!"

Bakili akarudi hatua mbili. "Hapana, mzee wangu. Hii ni siku yenu ya familia."

Barabara ilikuwa tupu. Devendra alikata kushoto pale Faya bila hata kupunguza mwendo, na mteremko wa Jangwani ukafunguka mbele yao. Harsh alitoa mkono dirishani, akawapungia waenda kanisani kama waziri.

"Hivi, shemeji, hiyo dawa ndani yake kuna nini?"

"Siri ya kampuni!" Devendra alijibu, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Mwaka mzima alikuwa hajacheka hivyo.

Kule chini, karibu na daraja, lori la mchanga lilianza kurudi nyuma taratibu, likaziba barabara yote. Devendra, bado anacheka, akakanyaga breki kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Pedali ikazama mpaka sakafuni, laini, maana haikuwa imefungwa kwenye kitu chochote.