Alama ya Wanja

"Pumzikeni nusu dakika," alisema mwalimu wa mazoezi kwenye simu. Sanober akapiga magoti sakafuni, akihema, akautazama ufa uliokuwa kwenye sakafu ile ya ghorofani.

Jumatatu, alipoanza kuifuata video ile, ufa ulikuwa mfupi kama kidole. Alitia alama ya wanja pale ulipokomea. Leo ilikuwa Alhamisi, na ufa ulikuwa umeipita alama kwa shubiri nzima, ukaingia chini ya mkeka wake. Alipoubonyeza kwa kidole gumba, chokaa ikatitia, kisha akaisikia ikimwagika chumba cha chini.

"Sanober!" Mavyaa wake aliita kutoka huko chini, kwenye kitanda ambacho hakukiacha tangu apooze miguu. "Vumbi laniingia kwenye chai! Waruka kama ng'ombe, na unene uko pale pale. Lau mwanangu angenisikiza, angeoa mtu."

"Haya, mzunguko wa mwisho," alisema mwalimu, akitabasamu. "Kuruka mara ishirini, kwa nguvu zenu zote!"

Sanober aliuvuta mkeka mpaka karibu na mlango, mbali na ufa, ambapo sakafu ilikuwa nzima. Akasimama hapo kitambo, mikono kiunoni.

Kisha akakumbuka kwamba kitanda cha chini kiko usawa wa dirisha. Akaurudisha mkeka juu ya ufa, akausogeza hatua mbili zaidi, upande wa dirishani.

"Wanisikia, wewe?"

"Nakusikia, mama," akajibu kwa adabu. "Zimebaki ishirini tu."