Julepu ya Kanali

Barafu ilikuwa imekwisha kuwa unga ndani ya mfuko wa turubai, na bado Ione Sublett aliipiga kwa nyundo ya mti. Aliogopa kuacha. Akiacha, angekisikia kile kiti cha kubembea kule barazani, kikienda mbele na nyuma bila mtu.

"Utaipasua na meza," alisema mzee Hezekia, mtunza farasi, akichungulia mlangoni. "Kanali kafa, hana tena meno ya kumng'ata mtu."

"Basi nenda ukakae kwenye kiti chake."

"Mimi? Mimi nina wajukuu wananitegemea." Akacheka, lakini mguu wake haukuvuka kizingiti. "Ila ajabu ni kwamba Kanali mwenyewe hakuigusa tena julepu, ile pombe yake ya mnanaa, tangu mumeo atoroke. Sijui leo kaburini kiu imemtoka wapi."

Ione akaipiga barafu kwa nguvu zaidi. Hakupenda mumewe atajwe.

Kanali Talbott alizikwa majira ya baridi. Tangu alipozikwa, kila jua lilipoinama kiti kilianza kubembea, na harufu ya mnanaa ikajaa nyumba nzima hata bustani ikiwa bado chini ya theluji. Mpishi alikimbia na aproni kiunoni. Mwisho mjane wa Kanali alimtuma Hezekia mjini Lexington akamlete Ione, mfuaji nguo, aje atengeneze julepu ya kumtuliza marehemu, kwa sababu moja tu: Ione alikuwa mke wa Lucian.

Na Lucian, katika fani yake ya kutengeneza julepu, hakuwa na mwenzake. Wazee wa Virginia walikuwa wakiinywa julepu alfajiri, eti dawa ya homa, tena kwa brandi. Kentucky ikatia wiski yake ya mahindi, na watu weusi waliosimama nyuma ya kaunta za hoteli wakaigeuza kuwa sanaa. Wenye farasi walimgombea Lucian kama walivyogombea mbegu ya farasi bora.

Kisha, Jumamosi moja ya mbio kubwa za farasi za Mei, alikuja kuhudumia karamu ya Kanali na hakurudi nyumbani. Kanali mwenyewe alifika kwa Ione, kofia mkononi. Alisema Lucian kapanda treni ya Chicago na msichana mmoja wa michezo ya jukwaani. Ione alilia hadi machozi yakamkauka, na yalipokauka akaanza kumchukia mumewe. Chuki hiyo ndiyo iliyomwamsha asubuhi na kumsimamisha kwenye beseni la nguo za watu. Shanga zote alizomnunulia alizitupa mtoni.

Mikono yake lakini haikusahau. Alitia sukari na matone ya maji katika kikombe cha fedha, akaweka majani ya mnanaa, akayakandamiza kidogo kwa mgongo wa kijiko. "Mnanaa hauteswi, mke wangu," Lucian alizoea kumwambia. "Unaamshwa tu. Ukiuumiza, utakulipa uchungu." Akamimina wiski, akarundika barafu, akakoroga mpaka sakitu, ule utando mweupe wa baridi kali, ikakivika kikombe kwa nje. Juu akachomeka shada la mnanaa, ili pua inywe kabla ya mdomo.

Akakibeba kwa ncha za vidole, kidole ukingoni na gumba kitakoni. Hivyo ndivyo mhudumu anavyobeba, asije akaiharibu sakitu. Anayeruhusiwa kukikumbatia kikombe kwa kiganja ni mnywaji peke yake.

Bibi Talbott alikuwa ameketi barazani katika nguo nyeusi, uso umemsinyaa. Kiti kilikuwa kinabembea.

"Kiweke pale mezani, Ione."

Akakiweka. Kiti kikasimama ghafla, kama mtu aliyeitwa.

Farasi wote malishoni waliinua vichwa. Ione akarudi nyuma hatua moja. Mbele ya macho yake, alama ndogo ya kidole ilijitokeza kwenye sakitu, juu ukingoni. Nyingine ikajitokeza chini, kitakoni. Hapo katikati, mahali ambapo mnywaji angeshika, sakitu ilibaki safi.

Kikombe kiliinuka kidogo, kikatoka upande wa kiti, kikaja taratibu juu ya meza. Hakikumwagika hata tone. Kikasimama mbele ya Ione, shada la mnanaa likielekea usoni pake.

"Bimkubwa," alinong'ona, "mimi sina ugomvi na marehemu. Kanali anataka nini kwangu?"

Bibi Talbott hakuwa akikitazama kikombe. Alimtazama Ione, na midomo ilikuwa ikimtetemeka kama ya mtoto aliyekamatwa.

"Huyo si Kanali," alisema. "Lucian wako hakupanda treni yoyote. Mume wangu alimpiga risasi hapa hapa barazani, nami nikanyamaza mpaka leo."