Ukurasa wa Marehemu

Leo ndiyo siku ambayo Ernest angehamishwa ukurasa. Kwa miaka tisa jina lake lilikaa kwenye daftari la maombi la jumuiya, upande wa wasafiri. Sasa Novemba ilikuwa imefika, orodha ya misa za marehemu ilitakiwa parokiani kesho, na mama yake, Editha, alitaka jina hilo liandikwe huko.

"Mimi siandiki," alisema Martina, akaisukuma kalamu katikati ya meza.

Walikuwa sebuleni kwa Editha, Mafiga. Uani wanajumuiya walianza kuingia mmoja mmoja na rozari zao, wakiutazama mlima uliojifunika mawingu na kubishana kama mvua itawasubiri wamalize. Editha alikuwa mwenyekiti, Martina katibu. Urafiki wao ulianzia kwenye mafundisho ya kipaimara kule Matombo, wasichana wawili wakiazimana kitenge kimoja.

"Mama Upendo, nimechoka," Editha alimwambia Martina. "Miaka tisa, hata simu! Mtoto aliye hai anakaa miaka tisa bila kumjulia mama yake hali?"

"Hujaona maiti, hujaona kaburi. Unamzikaje mtu kwa kalamu?"

"Basi Mungu anipe hilo kaburi, nijue moja!" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa ajili ya walio nje.

Kosa lilikuwa lake, na hakuwahi kulikana. Ernest alitaka kumwoa Nasra, binti wa Kiislamu wa mtaa wa pili. Editha akawaza uso wake atauweka wapi, mwenyekiti mzima wa jumuiya, akamwambia mwanawe achague: huyo au mama yake. Kijana akabeba begi. Tangu hapo Editha hakukosa jumuiya hata Jumamosi moja, na kila Jumamosi aliomba neno lile lile: Bwana amrudishe. Martina aliomba baada yake, machozi yakimlengalenga: Bwana amlinde huko huko aliko.

Kwa hilo Editha alimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja. Wengine walishaacha kumtaja Ernest, wakahamia kwa wagonjwa wapya. Martina peke yake hakuchoka. Ukimsikia anavyoomba, ungedhani kijana kamwacha nyumbani kwake sasa hivi, anakunywa chai.

"Wewe una imani kuliko mimi," Editha alimwambia. "Mimi yangu imekwisha. Nimebaki na mazoea tu."

Martina alitazama chini. "Usimwandike, Mama Ernest. Nakuomba." Akainuka. "Ngoja nikawapangie viti. Humo kwenye daftari kuna fomu yangu ya msimamizi wa ubatizo, uniwekee sahihi. Ni yule mpangaji wa dada yangu, Turiani. Kapata mtoto mwingine."

"Huyo mpangaji naye! Si juzi juzi tu nimekusainia wa pili?"

"Ndiyo wa tatu huyu. Chini kabisa, kulia, kama siku zote."

Kama siku zote, kwa sababu parokia haimpokei msimamizi bila sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya yake, na macho ya Editha yalishagoma zamani. Fomu zilipokuja Martina alisoma, akaweka kidole pa kusaini, naye akasaini. Hakuwahi kuuliza zaidi. Angeuliza nini kwa Martina?

Lakini jina la mwanawe alitaka kuliandika mwenyewe, na liandikwe vizuri. Alisubiri mwenzake atoke, akachomoa miwani kwenye pochi. Alipewa Alhamisi hospitalini, na mpaka leo hakumwonyesha mtu, kwa aibu ya kufanana na mwalimu mkuu.

Aliivaa, akafungua daftari kwenye ukurasa wa marehemu. Fomu ilikuwa imelala juu yake, imeshajazwa kwa mwandiko wa Martina. Akaiinua ili aiweke pembeni. Herufi zilisimama wazi, moja moja, akajikuta anasoma.

Mtoto: Editha.

Akatabasamu. Wajina wake, huko Turiani!

Mama: Nasra Abasi.

Baba: Ernest Severin Mkude.

Akakumbuka kidole cha Martina juu ya karatasi, mara ya kwanza, mara ya pili, na sauti yake ya upole ikisema hapa, Mama Ernest, hapa hapa.

Uani sala ilikuwa imeshaanza bila kumsubiri mwenyekiti. "Na tumwombee Ernest wetu," Martina alikuwa akisema, sauti imejaa machozi. "Bwana amlinde huko huko aliko."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.