Kovu Lililofifia

Sheria iliziruhusu kampuni za migodi ya mwezini kumchapa mfanyakazi kama picha, kumtolea nakala ya nyama na mifupa, kisha kumrudishia mkewe nakala au mwenyewe, bila kulazimika kusema ni yupi. Wanawake wengi walishazoea. Salhina hakuzoea.

Yeye kazi yake ilikuwa kuorodhesha na kuthibitisha chapa za Mwenye Shafii, mchonga mabamba ya shaba ya kuchapia picha wa Pate wa karne ya kumi na nane. Kutwa aliinamia lenzi, akitenga halisi na bandia. Siku hiyo alikuja na lenzi nyumbani.

"Baba Tima, hebu lete kidole."

"Makubwa! Leo nathibitishwa mimi?" Badi, mumewe aliyerudi kutoka migodi ya mwezini, alicheka, akajifuta unga wa chapati.

Kovu la mbuzi ya kukunia nazi lilikuwa pale pale, na mpindo wake ule ule. Ila vijistari vyembamba vya pembeni vilikuwa vimefifia.

Mwingine angesema huyu bandia. Salhina alijua zaidi. Mwigaji hukosea mchoro, na hapa mchoro haukukosewa. Mistari hufifia hivi bamba likichakaa kwa kutoa chapa nyingi, na zote huwa halisi.

"Haya, mimi ni mumeo au siye?"

"Ndiwe," alisema Salhina. "Wenzako wa bamba moja wako wapi?"

Badi aliacha kucheka. Alimtazama binti yao akila, kisha akaenda kutia komeo.

"Leo usimfungulie mtu mlango," alinong'ona. "Hata ukisikia sauti yangu."