Stuli ya Dirishani

Siku Daktari Badi alipoanguka, jua lilikuwa limejaa maabara nzima. Ilikuwa Jumatatu ya Februari, mwaka wa tisini na moja, katika kituo kidogo cha utafiti wa bahari kule Mtongwe. Aliingia kwa mwendo wake ule ule wa haraka, akatoa salamu, akajikwaa kwenye stuli iliyokuwa katikati ya njia, akaenda chini.

Akiwa sakafuni aliuliza neno moja tu. "Nani ameisogeza?"

Mwanatatu, aliyeisogeza, alirudi nyuma hatua mbili na kuinamisha uso.

Hakuwa amekusudia ubaya. Asubuhi ile alikuja mwanafunzi mpya, Gona, mwenye mguu uliopooza na gongo la kutembelea. Hadubini nzuri ilikuwa dirishani, na stuli ilimzuia kuifikia. Mwanatatu akaiondoa. Si ndivyo walivyofunzwa? "Hapa kila mtu ana nafasi yake," Daktari alikuwa akisema, "na kila kitu kina mahali pake."

Mwanatatu mwenyewe alifika pale miaka miwili nyuma, kufanya utafiti wa shahada yake ya pili, sauti haimtoki. Chuo kikuu walimu walizoea kuwauliza wavulana. Daktari Badi alimkalisha mbele ya hadubini yenye tone la maji ya hori la bahari, akasema, "Niambie unaona nini."

"Si uangalie mwenyewe, Daktari?"

"Mimi nimechungulia miaka thelathini, mwanangu. Nataka jicho lako."

Mwanatatu akaeleza kwa Kiingereza, akakwama.

"Sema Kiswahili. Vidudu havijui Kizungu."

Basi akasema, na mzee akasikiliza, kichwa upande, akiuliza: miguu mingapi? Chatembea au kimetulia? Tangu hapo ilikuwa hivyo kila asubuhi, na aliye mkimya ndiye aliyeanza. Hata sura za tasnifu wanafunzi walimsomea kwa sauti. Andiko lisiloingia sikioni, alisema, halijaiva.

Hakuna kilichompita. "Mwanatatu!" alikuwa akimwita kabla hajavuka kizingiti.

"Abee."

"Ukanda wa ndara yako umelegea. Utaanguka."

Mkewe, Bi Barke, alimleta hadi mlangoni kila siku, mkono kwa mkono. Kamau, mwanafunzi kutoka Nyeri, hakuacha kumtania. "Mzee analindwa asiongeze wa pili!"

"Wa pili nitampatia wapi," Daktari alijibu, "na huyu hanipi hata nafasi ya kupotea?"

Katika kuanguka kule nyonga yake ilivunjika. Wiki ya tatu wakamzika Timbwani. Kamau alisema ni presha, ilimletea kizunguzungu, na wote wakakubali. Mwanatatu, aliyefunzwa kusema, alinyamaza siku arubaini.

Siku ya arubaini hitima ilipokwisha, na wanawake walipokuwa wakiosha masinia, alimfuata Bi Barke uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ile stuli niliisogeza mimi."

"Alijua. Alisikia ndara zako zikirudi nyuma."

"Alinikasirikia?"

"Wallahi hakukasirika. Aliuliza kama yule mgeni mwenye gongo alipata pa kukaa."

Hapo machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka tangu mazishini yalimtoka. Bi Barke akamwacha alie. Alipopata sauti, akauliza lililomkaba siku zote zile.

"Lakini ilikuwa mchana mweupe, mama, na stuli yenyewe ni ndefu, yafika kiunoni. Kwa nini hakuizunguka?"

Bi Barke alifuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilimwambia kila uchao, waambie wanafunzi wako. Akanijibu, ngoja wamalize kwanza."

"Atuambie nini?"

"Mwanangu, Badi hakuona mwanga wa jua tangu mwaka wa themanini na nne."

Siku hizi Gona ndiye anayechungulia kwenye hadubini ya dirishani, na Mwanatatu humsikiliza akiwa amefumba macho.